Kadi Namba Ishirini na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama una nguo za kukunja, kunja huku unasikiliza. Kama sufuria iko jikoni, punguza moto. Habari ya leo haina haraka, na sisi tusiipeleke mbio.

Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo, alikimbia. Alikimbia mbio za nyika, zile za kwenye matope na majani, vilima na mabonde. Mara moja tu alikwenda ng'ambo kwenye mashindano ya dunia nzima, mbio fupi za wanawake. Kilomita nne. Dakika kumi na tatu na sekunde chache. Basi.

Wenzake walimwita Wa Nne, na mpaka anafariki jina hilo ndilo alilokuwa anaitwa. Nasi tutamwita hivyo hivyo.

Habari zake nimepewa na nahodha wa timu ile. Siku hizi huyu mama ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake. Watu wengi wa hapa mjini wamefundishwa naye, na wote wamewahi kugombezwa naye. Lakini wao humwita Mwalimu. Aliyekuwa anamwita Nahodha alibaki mmoja, na ndiye aliyefariki.

Nianze na siku ya msiba.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nahodha alikuwa garini na mwanafunzi wake, kinyozi mmoja mnene, mtu wa maneno mengi. Walikuwa uwanjani wakijifunza kurudi nyuma katikati ya mapipa mawili. Simu ikalia. Alikuwa binti wa Wa Nne, yule fundi umeme.

"Mama mkubwa."

"Naam, mwanangu."

"Mama ametutoka."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro."

"Haya," Nahodha akasema. "Haya, mwanangu. Nakuja." Akaiweka simu mapajani. Akatazama mapipa.

Kinyozi akauliza, "Mwalimu, kuna tatizo?"

"Hakuna. Tazama kioo. Tia gia ya nyuma. Rudi."

Kinyozi akatia gia. Injini ikanguruma, gari likatetemeka, halikwenda popote. Akaongeza mafuta. Likanguruma zaidi.

"Mwalimu, gari limegoma."

"Halijagoma."

"Sasa mbona haliendi? Na leo hujanitukana hata mara moja. Mimi naanza kuogopa."

Nahodha akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umekanyaga breki ya pili mpaka mwisho. Hakuusikia. Aliuona tu, kama mguu wa mtu mwingine.

"Ni mguu wangu," akasema.

Akautoa. Somo likaendelea mpaka saa ikatimia. Kinyozi akaangusha pipa moja, Nahodha akashuka, akalisimamisha, akarudi kukaa. Kinyozi alinihadithia mwenyewe: "Bibi, ningependa angenipiga kofi. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kofi."

Ganzi, wasikilizaji wapendwa. Wengi wetu tunaijua. Unakwenda, unafanya, unajibu salamu, na wewe mwenyewe hupo.

Sasa twende nyuma, miaka ishirini na sita.

Timu ilikuwa ya wanawake sita. Katika mbio zile wanakimbia sita, wanahesabiwa wanne wa mwanzo. Kila mmoja analeta namba yake ya kufika, namba nne zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo mtu wa nne ni mtu mkubwa. Hapigwi picha, lakini yeye ndiye anayefunga hesabu. Na katika timu ile, kila wakikimbia, mama yetu alikuwa wa nne. Akijitahidi sana, wa nne. Akiamka na mafua, wa nne. Ndiyo maana ya jina.

Nahodha ndiye aliyekuwa mkali wao. Alikuwa na miaka ishirini na minne na sauti ya kuamsha mtaa. Timu ikipata medali, wote sita wangeajiriwa kwenye idara moja kubwa yenye timu ya michezo: kazi ya kudumu, nyumba, mazoezi asubuhi, ofisi mchana. Waliambiwa hivyo kabla ya kupanda ndege. Medali yoyote. Hata ya tatu.

Usiku kabla ya mbio, kocha aliwaita chumbani kuwaeleza kanuni. Wa Nne hakuwepo. Fulana za timu zilikuwa zimelowa kwa mazoezi, na Nahodha alimwambia, "Wewe mwenye mkono wa kufua, shuka nazo chini ukazikaushe, kesho tusivae maji." Akashuka. Alikaa huko kwenye chumba cha mabomba ya moto akigeuza fulana sita moja moja. Alipopanda, kocha alikuwa amemaliza.

Na kocha alikuwa amesema jambo moja muhimu. Nalirudia ili tuwe pamoja. Alisema: "Ukivuka mstari, hujamaliza. Kuna njia nyembamba ya kamba mbili. Mnaingia mmoja nyuma ya mwenzake. Mwisho wa kamba mwamuzi anakupa kadi yenye namba yako. Mpaka ushike kadi, bado uko mbioni. Usimpishe mtu ndani ya kamba."

Enzi zile hakukuwa na kidude cha kufunga kwenye kiatu kinachojihesabia chenyewe. Kadi ndiyo ilikuwa ushahidi. Wa Nne hakuyasikia maneno hayo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi na tope la kufika kwenye vifundo. Nahodha aliingia wa sita. Wa pili wao akaingia wa kumi na moja. Wa tatu wao, wa kumi na saba. Na Wa Nne akavuka mstari wa ishirini na mbili. Nasema akavuka. Aliuvuka mstari akiwa wa ishirini na mbili, na nyuma yake hatua mbili alikuwa mwanamke wa nchi nyingine. Mtu mzima kidogo, nywele za kandokando ya masikio zimeanza kuota mvi, tope mpaka kiunoni.

Wakaingia kwenye kamba. Yule mama wa nyuma akaanza kukohoa, akainama, akashika kamba. Mbele, mwisho wa kamba, kulikuwa na meza yenye maji na mablanketi.

Wa Nne aligeuka. Alilelewa nyumba ya foleni. Mama yake alikuwa dobi, na watoto walikuwa wanatumwa bombani na ndoo. Bombani pale mtu mzima akifika nyuma yako hana nguvu, unapisha. Huulizwi. Unasogea tu, kama unavyofumba macho vumbi likija.

Akasogea. Akamshika yule mama kiwiko ili asianguke, akampitisha mbele yake. "Pita, mama," akamwambia, kwa lugha ambayo yule mama hakuijua.

Mwamuzi akatoa kadi. Mama wa mvi akapewa ishirini na mbili. Wa Nne akapewa ishirini na tatu.

Hesabu zikapigwa. Sita, na kumi na moja, na kumi na saba, na ishirini na tatu. Jumla hamsini na saba. Timu iliyogombea nao medali ya tatu nayo ilikuwa na hamsini na saba. Wakilingana, kanuni inamtazama mtu wa nne wa kila upande. Wa nne wa wenzao alikuwa wa ishirini. Wa kwetu, wa ishirini na tatu.

Medali ikaenda kwa wenzao. Ingekuwa ishirini na mbili, jumla ingekuwa hamsini na sita. Pointi moja.

Mmoja wa timu aliyeingia nyuma kidogo aliiona kamba yote. Akasema kwenye hema la timu, mbele ya watu, "Amempisha! Amempisha mtu ndani ya kamba!" Nahodha akasimama na kiatu kimoja mguuni.

"Umempisha?"

"Alikuwa anaanguka."

"Nakuuliza umempisha?"

"Nimempisha."

Nahodha akakaa. Baada ya hapo hakumsemesha Wa Nne kwa miaka kumi na tisa.

Kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Mji huu huu. Soko hili hili.

Ajira ya idarani haikuja. Kila mmoja akashika njia yake. Wa Nne akapata kazi chumba cha kufulia cha hospitali, akaolewa na seremala, akazaa binti. Nahodha akaosha magari, akayaendesha, mwisho akafundisha kuyaendesha. Na kila alipoulizwa habari za mbio zile, alijibu kwa jibu lile lile: "Tulikuwa na medali mkononi. Kuna mtu akaigawa." Hakumtaja jina. Hakuwa na haja. Watu walijua. Watoto wa shule wakatunga wimbo wa kurukia kamba. Hesabu moja, mbili, tatu, halafu ukifika nne unasimama na kusema, "Pita, mama!" Anayesimama ametoka.

Kwenye chumba cha kufulia nako walimchokoza, ila kwa mapenzi. Nimekwenda pale. Mashine tatu kubwa, mvuke mpaka dari, mashuka yamerundikwa kama vilima. Mwenzake wa kupiga pasi aliniambia:

"Tulikuwa tunamuuliza, Wa Nne, wa kwanza yuko wapi? Anatujibu, wa kwanza yuko gazetini, mimi niko kwenye sabuni. Tunacheka. Yeye anacheka kuliko sisi. Lakini mlangoni, bibi, ukibeba mzigo na yeye kabeba mzigo, huwezi kupita wa pili. Atasimama mpaka upite. Hata baada ya maneno yote yale. Mimi nilikuwa namwambia, we mwanamke hujakoma tu?"

Miaka saba iliyopita, Nahodha alivunjika mguu. Mwanafunzi alirudi nyuma bila kutazama kioo, naye alikuwa nyuma anaelekeza. Akalazwa. Siku ya tatu asubuhi mlango wa wodi ukafunguka, likaingia gari la mashuka, na nyuma ya gari la mashuka akaingia Wa Nne.

Wakatazamana.

"Nyanyua kiuno," Wa Nne akasema.

Nahodha akanyanyua. Shuka chafu likatoka, safi likaingia, pembe zikakunjwa zikabana.

"Umenenepa, Nahodha."

"Na wewe umekonda."

"Mvuke."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeomba radhi. Kesho yake Wa Nne akaja tena, ingawa haikuwa zamu yake. Mguu ulipopona, wakawa wanatembea pamoja kila Jumamosi jioni, mizunguko minne ya uwanja wa hospitali. Taratibu, viatu vya raba, wanasengenya madaktari. Binti wa Wa Nne akaanza kumwita Nahodha mama mkubwa. Miaka saba.

Mbio zile hawakuzigusa, ila mara moja. Walikuwa wamesimama getini, Wa Nne kamwachia mtu mwingine apite kama kawaida yake. Nahodha akauliza, "Kwa nini ulimpisha yule?"

"Alikuwa anataka maji."

"Na hukuumia?"

"Niliumia. Nikafua." Wakatembea kidogo. Halafu Wa Nne akasema, "Lakini yule mama alikuwa mtu mzuri sana, unajua? Siku ile ile alikuja pale..."

"Tusimzungumzie yule," Nahodha akasema.

"Haya."

Wakazungumza habari ya mvua. Yashikeni maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Wa Nne alianza kusema. Akakatwa. Akasema haya.

Mwaka jana mapafu ya Wa Nne yakaanza kumsumbua. Jumamosi zikawa mizunguko mitatu, halafu miwili, halafu benchi. Jumanne ile akafariki, saa tatu kasoro, kwenye shuka alilokuwa amelifua yeye au wenzake.

Siku iliyofuata, nyumbani kwa marehemu, wanawake walikuwa sebuleni. Nahodha alikuwa chumbani na binti, wanachagua nguo ya kumvalisha mama. Gauni la kijani lilikuwa limekatika kifungo. Binti akaleta kopo la vifungo, kopo la biskuti la zamani lililobanduka rangi. Akalimwaga kitandani, wakawa wanatafuta cha kijani.

Katikati ya vifungo palikuwa na kadi. Ngumu, nyeupe iliyogeuka manjano, kubwa kama kiganja, na imetobolewa tundu juu. Imeandikwa namba kwa wino mweusi. Ishirini na mbili.

"Mama mkubwa, hii ni ya nini? Baba anasema aliwahi kumuuliza, mama akamwambia ni kifungo cha mtu, hajaja kukichukua."

Nahodha akaipokea. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mchoro wa penseli. Vijitu viwili vya mistari, kama wanavyochora watoto. Cha mbele kimeandikwa kifuani namba tatu, moja, sita. Hiyo ilikuwa namba ya Wa Nne siku ile. Cha nyuma kimechorwa nywele, na mshale umetoka kwake kwenda kwa wa mbele. Chini kuna maneno matatu ya lugha ngeni.

Nahodha hakulia. Aliniambia hivi, na mimi nayasema kama alivyoyasema: "Nilikiona kifungo cha kijani. Nikakichukua. Nikatunga uzi. Nikakishona. Nilishona vizuri kabisa. Mikono ilikuwa inafanya kazi, na kichwani nilikuwa hemani."

Hemani. Tuingie naye.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa ubaoni. Kuna nusu saa ya kupeleka malalamiko kwa waamuzi, nusu saa kamili, kisha yanafungwa. Nahodha alikuwa amekaa juu ya kreti anafungua misumari ya soli za viatu vyake vya mbio, mmoja mmoja, kwa nguvu ya hasira. Wa Nne alikuwa pembeni, miguu kwenye ndoo ya maji ya moto, kichwa chini. Viatu vyake viko mlangoni. Dakika kumi zilikuwa zimepita, labda kumi na mbili.

Turubai la mlango likafunuliwa. Akaingia yule mama wa mvi, kajifunga blanketi. Anaongea haraka haraka. Anamwonyesha Wa Nne kwa kidole. Anatabasamu, tabasamu la mtu mwenye haya. Na mkono mmoja kaunyoosha.

"Huyu kaja kutucheka," Nahodha akasema. Akainuka. "Toka! Toka hapa! Nenda kashangilie kwenu!"

Yule mama akazidi kuongea, akazidi kuunyoosha mkono.

"Nimesema toka!" Na Nahodha akamsukuma bega. Si kwa nguvu sana. Kwa nguvu ya kutosha.

Mama wa mvi akarudi nyuma. Pale mlangoni akainama kidogo, Nahodha akadhani anafunga kamba za viatu. Halafu akaondoka.

Alikuwa anatia kadi kwenye kiatu cha Wa Nne.

Nitalieleza polepole. Katika timu yake, yule mama alikuwa wa tano. Wanne wa kwao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Kadi yake haikuwa na kazi kwao. Alikuja kuirudisha kwa mwenyewe. Wangekwenda wote wawili kwa waamuzi, yeye angesema huyu alikuwa mbele yangu, na dakika zilikuwepo. Dakika kumi na nane zilikuwa zimebaki.

Wa Nne aliikuta kadi alipovaa viatu kwenda kupanda basi. Saa nzima ilikuwa imepita.

Aliijua ni nini. Alikuwa ameona mkono ule umenyooshwa, na alikuwa ameona nani kausukuma. Angeweza kuinyanyua ile kadi mle ndani ya basi, mbele ya wote. Angeweza kuinyanyua siku yoyote kati ya siku za miaka kumi na tisa ya kununiwa. Watoto wanaimba, na kadi iko kwenye kopo la vifungo.

Kwa nini hakuinyanyua? Mimi sijui. Mumewe seremala nimemuuliza. Akasema, "Mke wangu akiona mtu kabeba kitu kizito, hamwongezei." Basi, akaendelea kupiga msasa ubao wake.

Siku ya mazishi Nahodha aliitwa aseme machache, kama nahodha. Kadi ilikuwa mfukoni. Alikuwa ameapa ataisema. Akasimama mbele ya watu, chumba kizima cha kufulia kimekuja, walimu, wauguzi, kinyozi naye yuko nyuma. Akafungua mdomo.

"Alikuwa mtu mwema," akasema. Akakaa.

Jioni yake, watu walipopungua, alimfuata binti uani. Binti alikuwa juu ya ngazi anashusha taa walizoazima. Nahodha akamweleza yote akiwa chini ya ngazi, shingo juu. Hema, mkono, bega, kiatu. Binti akasikiliza mpaka mwisho na bisibisi mdomoni. Kisha akaitoa.

"Unajua shuleni waliniitaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Pita Mama. Miaka saba ya shule. Sikuwa na jina lingine. Nilikuwa najificha chooni wakianza kuruka kamba." Akafungua skrubu moja, akaitia mfukoni. "Sitaki kukugombeza, mama mkubwa. Sina hata nguvu. Lakini usiniambie mimi. Mimi ni mtu mmoja. Waambie walioimba."

Walioimba ni sisi, wasikilizaji wapendwa. Walioimba wamekua, wana watoto. Baadhi yenu redio iko mbele yenu hivi sasa na wimbo mnaujua.

Nahodha akaja hapa kituoni siku ya tatu baada ya mazishi. Alikaa kwenye kiti hiki cha wageni, kwenye chumba chetu hiki chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Nikamfungulia kipaza sauti. Dakika moja ikapita. Mbili. Mtu aliyekuwa anaamsha mtaa, sauti haikutoka. Akaniambia kwa kunong'ona, "Semea mimi. Nitakaa hapa unaposema, watu wajue sikukimbia."

Nikamwambia nitaisema yote kasoro neno la mwisho. La mwisho ni lako.

Basi yuko hapa. Amekaa mlangoni, mkoba mapajani, kadi mkononi. Amesikiliza kila nililosema, hajanisahihisha. Hajalia. Nilimpa maji, ameshika glasi, hajanywa.

Yale maneno matatu ya nyuma ya kadi tumepata mtu wa kututafsiria, mwalimu mmoja wa lugha aliyestaafu. Anasema ni haya: "Wewe ulikuwa mbele." Hayo tu.

Yule mama wa mvi hatujui yuko wapi. Jina lake hatukulipata. Kama yu hai, tunamwambia kiatu kilivaliwa, na kadi ilionekana.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba yenu, natoa pole kwa mume wa marehemu, seremala wetu. Pole kwa wenzake wa chumba cha kufulia, ambao kesho watapita mlangoni na hakuna wa kusimama na mzigo wake mpaka wapite. Pole sana kwako wewe binti, fundi wetu. Najua unatusikiliza, uliniambia redio umeitengeneza mwenyewe. Hilo jina la shuleni tunalishusha leo.

Na sisi tuliobaki, tukatafakari kidogo. Akija mtu kwako na maneno usiyoyaelewa, na wewe una hasira zako, kabla hujamsukuma mtazame mkononi. Labda kabeba kitu chako.

Nimenyamaza. Nahodha, sogea. Karibu zaidi, hapo. Sema.

"Mimi ni nahodha wa timu ile. Nasoma matokeo ya mbio fupi za wanawake, kilomita nne. Mimi, wa sita. Wa pili wetu, wa kumi na moja. Wa tatu wetu, wa kumi na saba. Wa Nne..."

Usiogope. Tunakungoja.

"Wa Nne, wa ishirini na mbili. Jumla, hamsini na sita."